SOMO LA ROBO HII: Kodi ya Nyumba Yenye Maji na Umeme Ndani Yake – Nani Analipa, na Analipa Nini?



Katika matangazo ya vyumba na nyumba za kupanga jijini Dar es Salaam, maneno "maji na umeme ndani ya kodi" huwavutia watu wengi. Kijana aliyepata kazi yake ya kwanza, mwanafunzi wa chuo, au familia inayohama kutoka mkoani huona kwamba mzigo mmoja umepungua. Atalipa mara moja na kumaliza, hatadaiwa bili wala hatakimbizana na mita.

Mpango huo unaweza kuwa mzuri. Hata hivyo, unaweza pia kumfanya mtu mwenye kipato kidogo alipie matumizi ya mwenzake mwenye kipato kikubwa bila yeyote kati yao kujua. Unaweza pia kumwacha mpangaji gizani au bila maji wakati yeye ameshalipa kila senti. Kwa kuwa baadhi ya kamati za sharika zina nyumba za kupangisha, na baadhi ya wafadhili wanalipia pango la wanafunzi na watumishi mijini, tumeona vyema somo la robo hii lihusu jambo hili.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili, msomaji aweze:
1. Kueleza mipango mitatu ya kulipia maji na umeme katika nyumba za kupanga.
2. Kupiga hesabu na kujua kama kodi ya jumla inamfaa au la.
3. Kutaja mambo yanayopaswa kuandikwa katika mkataba kabla ya kutoa fedha.

1. MIPANGO MITATU

Mpango wa kwanza ni kila kaya kuwa na mita yake. Mpangaji anainunulia LUKU (Lipa Umeme Kadri Unavyotumia) mwenyewe na kulipa bili yake ya maji. Anayetumia sana analipa zaidi, na anayebana matumizi anaona faida yake.

Mpango wa pili ni kuchangia. Nyumba ina mita moja ya umeme na moja ya maji, na wapangaji wanachanga. Wapo wanaogawana sawa kwa sawa, wapo wanaogawana kwa idadi ya vyumba au ya watu, na wapo wanaohesabu vifaa: mwenye friji anaongeza, mwenye taa na redio tu anapunguziwa.

Mpango wa tatu ndio wa kodi ya jumla. Mpangaji analipa kiasi kimoja, na mwenye nyumba ndiye anayenunua umeme na kulipa maji. Katika nyumba za ghorofa mpango huu huweza kubeba na mengine: mlinzi, ada ya taka, usafi wa ngazi, mafuta ya jenereta, umeme wa pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, hata intaneti na king'amuzi.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba kilichomo ndani ya kodi si cha bure. Kimelipiwa tayari, ila bei yake haionekani.

2. BEI YA UMEME NA TATIZO LA MITA MOJA

Wengi hudhani kwamba uniti moja ya umeme ina bei moja kwa kila mtu. Sivyo. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi yuko katika kundi la D1, na bei yake ni Sh. 100/= kwa uniti. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 ni Sh. 292/= kwa uniti. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, uniti ya D1 inafika Sh. 122/= na ya T1 takriban Sh. 356/=. Kwa maneno mengine, mwenye T1 analipa karibu mara tatu.

Kundi hilo la D1 liliwekwa ili kumsaidia mwenye matumizi madogo. Lakini angalia kinachotokea pale kaya nne zenye matumizi madogo zinapowekwa kwenye mita moja. TANESCO haioni kaya nne. Inaona mteja mmoja mwenye matumizi makubwa, na nafuu inapotea kwa wote.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja. Kwa mwezi wametumia uniti 240, yaani Sh. 85,440/= kwa bei ya T1. Matumizi yao yalikuwa hivi:

– Muuguzi anayeishi peke yake: uniti 30
– Mwalimu na mkewe: uniti 45
– Dereva wa bodaboda na familia yake: uniti 50
– Fundi cherehani mwenye friji, pasi na mashine ya umeme: uniti 115

Wakigawana sawa, kila mmoja anatoa Sh. 21,360/=. Wakigawana kwa matumizi, muuguzi anatoa Sh. 10,680/=, mwalimu Sh. 16,020/=, dereva Sh. 17,800/= na fundi Sh. 40,940/=. Hivyo katika mgawo wa sawa kwa sawa muuguzi analipa mara mbili ya alichotumia, na fundi analipa karibu nusu tu. Fundi si mwizi, kwani ametoa alichoambiwa atoe. Tatizo liko kwenye utaratibu.

Sasa tuseme kila mmoja angekuwa na mita yake, na wale watatu wa kwanza wako D1. Muuguzi angelipa Sh. 3,660/=, mwalimu Sh. 5,490/=, dereva Sh. 6,100/=, na fundi angebaki na Sh. 40,940/= zake. Jumla ni Sh. 56,190/=. Nyumba nzima ingeokoa Sh. 29,250/= kwa mwezi, au Sh. 351,000/= kwa mwaka, bila mtu yeyote kuzima hata taa moja. Bei zinaweza kubadilishwa, kwa hiyo tazama risiti yako ya LUKU ya karibuni kabla ya kufanya hesabu kama hii. Risiti huonyesha uniti ulizopata na makato yote.

3. KODI YA JUMLA: NANI ANABEBA HATARI?

Katika kodi ya jumla mwenye nyumba ndiye anayebeba hatari ya matumizi kupanda. Kwa kuwa hajui wapangaji watatumia kiasi gani, hukadiria juu. Huo ni utaratibu wa kawaida wa biashara, wala si dhambi. Mpangaji anapaswa kujua tu kwamba analipia makadirio hayo.

Mfano: chumba na sebule kinapangishwa Sh. 150,000/= bila bili, na kingine cha jirani chenye hali ileile ni Sh. 190,000/= pamoja na bili. Tofauti ni Sh. 40,000/=. Tuseme familia inatumia uniti 60 za umeme, ambazo kwa D1 ni Sh. 7,320/=, na maji ya Sh. 15,000/=. Jumla ni Sh. 22,320/=. Familia hii ikichagua kodi ya jumla inalipa zaidi kwa Sh. 17,680/= kila mwezi, yaani Sh. 212,160/= kwa mwaka. Hiyo si fedha ndogo kwa mzazi anayenunua sare na madaftari.

Lakini tusikimbilie kusema kodi ya jumla ni mbaya daima. Familia hiyohiyo ikiwa katika nyumba yenye mita ya T1, umeme wake ni Sh. 21,360/=, na jumla inakuwa Sh. 36,360/=. Hapo tofauti inabaki Sh. 3,640/= tu, na wengine watasema ni bei nzuri ya kununua utulivu. Na mwenye kiyoyozi? Kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 kwa saa 8 kila usiku kinaweza kufika uniti 8 kwa usiku, au uniti 240 kwa mwezi. Ni sawa na wale wapangaji wetu wanne wote kwa pamoja. Kwake yeye Sh. 40,000/= ni zawadi, na wenye nyumba wanajua hivyo. Ndiyo maana wengi huandika "maji na umeme ndani, isipokuwa kiyoyozi na jiko la umeme".

Kujua matumizi yako si kazi ngumu. Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa 1 hutumia uniti 1. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu uniti. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 ni takriban nusu uniti, au uniti 14 hivi kwa mwezi. Taa 5 za LED za wati 9 zikiwaka saa 5 hazifiki robo uniti. Kwa upande wa maji, uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Familia inayotumia ndoo 12 kwa siku inamaliza ndoo 360 kwa mwezi, yaani uniti 7 na kidogo.

4. KULIPA MWAKA MZIMA KABLA YA KUTUMIA

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Dar es Salaam ni kawaida mpangaji kutakiwa kulipa kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, na mara nyingi kumlipa dalali kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Katika mfano wetu wa Sh. 190,000/=, mwaka mzima ni Sh. 2,280,000/=. Ndani yake mna Sh. 480,000/= za maji na umeme ambao haujatumika bado.

Fedha hizo zinaingia mfukoni mwa mwenye nyumba siku ya kwanza. Ada ya shule ya mtoto wake, ugonjwa au msiba ukitokea mwezi wa tano, zinatumika. Mwezi wa nane LUKU inakwisha na mwenye nyumba anasema, "Jamani, mnivumilie kidogo." Bili ya maji nayo imelala, na siku moja mafundi wanakuja kukata. Mteja anayetambuliwa na mamlaka ya maji ni mwenye nyumba. Mpangaji hana jina popote, ingawa amelipa.

Kwa sababu hiyo tunashauri jambo moja ambalo halimgharimu mwenye nyumba chochote: kodi ya chumba ilipwe kwa miezi iliyokubaliwa, lakini sehemu ya maji na umeme ilipwe kila mwezi. Mpangaji aseme kwa heshima, "Baba, kodi nakulipa miezi sita kama ulivyosema. Hii elfu arobaini ya bili nitakuletea kila tarehe 1, ili isikuletee usumbufu ikichanganyika." Mwenye nyumba mwaminifu hana sababu ya kukataa. Akikataa kabisa, mpangaji amepata taarifa muhimu kabla ya kuhamia.

5. MAMBO YANAYOSAHAULIWA

a) Mgao. Oktoba 2022 wakazi wa Dar es Salaam walikuwa katika mgao wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu kupungua. Nyumba nyingi hununua maji ya maboza wakati kama huo, na bei yake ni tofauti sana na ya bomba. Je, "maji ndani ya kodi" ni pamoja na maji ya boza? Mkataba usipotaja, ugomvi hauko mbali. Vivyo hivyo kwa mafuta ya jenereta umeme unapokatika.

b) Kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa Sh. 1,000/= kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh. 1,500/=. Kwa ghorofa ilikuwa Sh. 5,000/= kwa kila sakafu, ikawa Sh. 7,500/=. Mwenye wajibu wa kodi hii ni mmiliki wa jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mpangaji mwenye mita yake atunze risiti na akubaliane na mwenye nyumba namna ya kuipunguza kwenye pango. Katika kodi ya jumla suala hili halimhusu mpangaji, nalo ni moja ya faida zake.

c) Madeni ya zamani. Mita inaweza kuwa na deni lililoachwa na mpangaji aliyetangulia, likawa linakatwa kidogo kidogo kila unaponunua umeme. Kabla ya kuhamia, omba kuona risiti ya karibuni ya LUKU na bili ya mwisho ya maji.

d) Kukatiwa kwa makusudi. Wapo wenye nyumba wanaozima umeme ili mpangaji achoke na kuondoka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji atumie nyumba kwa amani katika muda wa mkataba wake. Palipo na mgogoro, anzeni kwa mazungumzo, kisha serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Likishindikana hapo, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Pango ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kinga yako kubwa ni yale yaliyoandikwa katika mkataba wako.

6. TUNAJIFUNZA NINI KWA WENZETU?

Baadhi ya wafadhili wetu wanatoka Ujerumani, na huko jambo hili lina utaratibu wa miaka mingi. Wajerumani hutofautisha "kodi baridi", yaani ya nyumba tupu, na "kodi ya joto", ambayo imeongezwa gharama kama maji, taka, usafi na kupasha nyumba joto. Umeme wa ndani kwa kawaida mpangaji hujilipia mwenyewe. Ile nyongeza inayotolewa kila mwezi huhesabiwa kuwa malipo ya awali. Mwenye nyumba hutakiwa kutoa hesabu kamili ndani ya miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kwisha. Mpangaji aliyelipa zaidi anarudishiwa, aliyelipa pungufu anaongeza. Kwa gharama ya joto, kanuni zao zinataka kati ya asilimia 50 na 70 igawanywe kwa matumizi halisi, na sehemu inayobaki kwa ukubwa wa nyumba au kipimo kingine kama hicho.

Hatuna baridi ya kupasha nyumba, lakini wazo lenyewe linatufaa: nyongeza iwe malipo ya awali, na mwisho wa kipindi ifanyike hesabu mbele ya wote.

7. KAMA NINYI NDIO WENYE NYUMBA

Kamati inayopangisha vyumba inaweza kufanya yafuatayo:

– Weka mita ndogo kwa kila chumba, hata kama mita kuu ya TANESCO ni moja. Fundi mwenye leseni aifunge.
– Soma mita tarehe 1 ya kila mwezi mbele ya wapangaji, na andika kwenye daftari lililo wazi.
– Gawa fedha zote zilizonunua umeme kwa uniti zote zilizotumika. Hapo unapata bei halisi ya uniti. Usiongeze faida juu yake.
– Taa za nje, pampu na choo cha pamoja viwe na hesabu yake, vigawanywe sawa.
– Fedha za bili zisichanganywe na za kodi. Ziwe na bahasha au akaunti yake.
– Inapowezekana, omba mita kamili kwa kila kaya ili wenye matumizi madogo waweze kuingia D1.

8. YA KUANDIKA KATIKA MKATABA

1. Kodi ya chumba ni kiasi gani, na nyongeza ya bili ni kiasi gani. Ziandikwe mbalimbali.
2. Huduma zilizomo, moja baada ya nyingine, na zisizokuwemo.
3. Kikomo cha matumizi kama kipo, na bei ya kila uniti inayozidi.
4. Nani analipa maji ya boza na mafuta ya jenereta.
5. Nini kinafanyika bei ya serikali ikipanda au ikishuka katikati ya mkataba.
6. Huduma ikikatika kwa sababu bili haikulipwa na mwenye nyumba, mpangaji anaweza kulipa na kukata fedha hizo kwenye kodi inayofuata.
7. Namba za mita zote na kiasi kilichosomwa siku ya kuhamia.

Kipengele cha sita ndicho kinachosahauliwa zaidi, nacho ndicho kinachomwokoa mpangaji siku maji yanapokatwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba zilizo karibu nasi, wapangaji wanagawana umeme kwa kipimo gani? Nani anaumia?
2. Mjane anayetumia taa mbili anaishi nyumba moja na mwenye duka la vinywaji baridi. Pendekezeni mgawo ambao wote wawili wataukubali.
3. Ikiwa tunalipia pango la mwanafunzi mjini, je, tumewahi kuona mkataba wake na risiti za bili?
4. Kwa bei zilizo kwenye risiti ya LUKU ya mmoja wenu, rudieni hesabu ya wapangaji wanne. Jibu limebadilika kiasi gani?

Tunashauri swali la nne lifanywe kwanza, kwa kalamu na karatasi, kila mtu akiwa na risiti yake mkononi. Baada ya hapo mazungumzo juu ya maswali mengine huwa mepesi, kwa sababu kila mmoja anakuwa ameona kwa macho yake ni nani anayemlipia nani.